Barua kwa mwanangu: mwache asimame

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Ile sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza mara mbili, na kilichonigusa zaidi ni uchovu wako. Unasema mjukuu wangu ana miezi minane, anashika kiti na kusimama, mgongoni hakai, na kulala ni vita. Jirani amekuambia ukimwacha asimame mapema hivi atapata matege. Unaniuliza, umzuie?

Usimzuie, mama. Mtoto anayejiinua mwenyewe, misuli yake imeshamruhusu. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likaeleza kwamba kutembea peke yake huanza popote kati ya miezi 8 na karibu 18. Kaka yako alitembea na miezi 15, wewe tisa na nusu, na shuleni hakuna aliyemwacha mwenzake.

Miguu ya watoto wengi huwa imepinda kidogo tangu kuzaliwa, kwa jinsi walivyojikunja tumboni, na hunyooka wanapokaribia miaka miwili. Matege ya kweli yana sababu nyingine, kama upungufu wa vitamini D. Na hapo Usa River ulipo, mimi ningeuliza habari za maji kwanza. Umewaona mwenyewe watu wa upande huo wenye meno ya kahawia. Ni floridi hiyo, madini yaliyomo kwenye maji ya huko, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa ya mtoto. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, floridi inabaki palepale. Endelea kunyonyesha, maana maziwa yako yana floridi kidogo sana, na uji wake upikie maji ya mvua uliyoyakinga vizuri na kuyachemsha.

Sasa nikuambie ninachokiogopa mimi. Ulikuwa na miezi kama hiyo yake, tunakaa Pasua. Niliweka kikombe cha chai mezani, nikageuka kuchukua sukari kabatini. Hata mlango wa kabati sijaufunga, nikasikia kikombe kinaanguka. Ulikuwa umevuta kitambaa cha meza ili usimame, na chai yote ikakumwagikia mkono wa kushoto. Watu wakajaa ndani, mmoja anasema asali, mwingine dawa ya meno, nami kwa kuchanganyikiwa nikakupaka dawa ya meno. Nilikosea. Kinachotakiwa ni maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kisha hospitali. Ile alama chini ya kiwiko chako, unayoifunika kwa mikono mirefu, kila nikiiona moyo unaniuma.

Kwa hiyo piga magoti, utambae chumba kizima kama yeye, uone anachokiona. Utakuta waya wa pasi unaning'inia. Utakuta mbegu ya maharage chini ya kochi, na hiyo inatosha kumpalia. Mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya soda. Ndoo za maji zifunikwe, hata yenye maji kidogo, kwa sababu akitumbukia kichwa hawezi kujitoa. Kile kigari cha matairi alichonunua baba yake kirudisheni dukani. Hakimfundishi kutembea, kinampeleka tu kwenye jiko upesi kuliko unavyoweza kumkimbilia. Kanada walikipiga marufuku mwaka 2004.

Kuhusu usingizi, umri huu anahitaji saa 12 hadi 16 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Mtoto machachari akichoka hazimiki, anazidi kuwaka, na wewe unadhani bado ana nguvu. Akianza kujisugua macho mlaze hapo hapo, chumba kiwe na giza, simu iwe mbali. Asubuhi mtandikie mkeka chini ya mwembe apande na kushuka juu ya miguu yako mpaka achoke mwenyewe.

Ila akiacha jambo alilokuwa analiweza, au akitumia upande mmoja tu wa mwili, usinisubiri mimi. Nenda kliniki siku hiyo hiyo.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi, nina ndizi za mtori. Nitakaa wiki mbili, usiku nitalala naye mimi. Kabla sijafika, toa mezani kile kitambaa nilichokufumia.

Mama yako,
Moshi