Kwa nini propanali inawahi kuliko propanoni

Mkuu, kwa nini propanali (aldehaidi) inaungana na HCN (haidrojeni sianidi) haraka kuliko propanoni (ketoni)? Angalia kaboni ya C=O tu. Oksijeni inavuta elektroni kwake kwa hiyo kaboni inabaki na chaji chanya kidogo, na CN⁻ (ioni ya sianidi ya hiyo HCN) ndo inaivamia hapo, sasa propanoni ina methili mbili (vikundi vya CH₃) zinazosukumia elektroni hiyo kaboni, chaji inapungua, halafu zinabana njia pia. Propanali upande mmoja ina haidrojeni, kadogo, hakasumbui mtu.

Ila usichanganye na jaribio la Tollens la kutofautisha hizi mbili, lile ni oksidesheni, propanali inatoa kioo cha fedha, propanoni hamna kitu. 2,4-DNP, kitendanishi cha kupima C=O, haitofautishi, zote zinatoa mashapo.