Duka la jumla Langoni: bima ipi nichukue?

SWALI: Assalamu alaykum kaka. Nina duka la jumla hapa Amu (mji wa Lamu), mtaa wa Langoni: unga, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni. Nyumba ni ya kupanga. Chini ni duka, juu kuna wapangaji wengine, na juu kabisa pameezekwa makuti. Nina stoo ndogo mtaa wa nyuma. Mzigo nanunua Mombasa, unakuja kwa lori hadi Mokowe kisha unavuka kwa mashua. Siku za kawaida dukani mna mali ya kama laki tisa, lakini Ramadhani ikikaribia hufika milioni 1.8. Nina vijana wawili, na pembeni nafanya uwakala wa M-Pesa. Wakala wa bima ameniletea bei tatu za mwaka: shilingi 11,500, 17,800 na 31,000. Nimekutumia karatasi zote pamoja na fomu. Nichukue ipi? Na baba watoto anauliza kama kuna bima isiyo na riba.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam dada. Karatasi nimezisoma zote. Kabla hatujafika kwenye bei kuna kitu kimenitia wasiwasi: bima zote tatu zimepigiwa hesabu ya mali ya shilingi 900,000.

Watu wengi hudhani kwamba ukikata bima ya laki tisa, basi hasara yoyote isiyofika laki tisa utalipwa yote. Sivyo. Mikataba ya bima ya moto kwa kawaida huwa na sharti la uwiano: ukikatia bima nusu ya mali yako, kampuni inakuhesabu kuwa nusu ya pili umejibebea mwenyewe, na kila hasara mtagawana hivyo hivyo. Chukua duka lako wiki moja kabla ya Ramadhani. Ndani mna mali ya 1,800,000, mkataba unasema 900,000, na moto umeteketeza magunia ya 600,000 kabla majirani hawajauzima. Mthamini wa hasara atagawanya 900,000 kwa 1,800,000, atapata nusu, na utalipwa 300,000. Hapo hata hajaondoa kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mkataba humwachia mwenye mali. Moto haukufika hata nusu ya duka, malipo ya mwaka umetoa yote, na bado laki tatu zimekutoka.

Kwa hiyo thamani ipimwe duka likiwa limejaa kuliko siku zote za mwaka. Tumia bei uliyonunulia pamoja na gharama za kuufikisha mzigo, si bei ya kuuzia. Friza, mizani na rafu ziandikwe peke yake na thamani yake. Ukiona ni uchungu kulipia milioni 1.8 mwaka mzima kwa sababu ya miezi miwili tu, muulize wakala kuhusu bima ambayo kila mwezi unaipelekea kampuni taarifa ya mali iliyopo na malipo yanasawazishwa mwisho wa mwaka. Kwa bima ya namna hiyo unahitaji mtu wa kuandika hesabu bila kukosa, maana taarifa isipokwenda utaumia siku ya dai. Njia nyingine ni kuiandikia kampuni iongeze thamani mwezi wa Shaabani na kuipunguza Idi ikishapita. Njia hii ya pili ndiyo naiona inakufaa wewe.

Stoo ya mtaa wa nyuma haimo katika karatasi hata moja. Bima hufuata mahali palipotajwa. Gunia likihama kutoka dukani kwenda stoo isiyoandikwa, limetoka nje ya bima. Itajwe, na ipewe thamani yake.

Sasa fomu. Pale panapoulizwa paa ni la nini, wakala ameandika "zege". Dada, usiitie sahihi fomu hiyo. Ukishaisaini, maneno yale ni yako wewe, wala hayahesabiwi tena kuwa ya wakala, na bima imejengwa juu ya kusema kweli yote unayoijua kuhusu mali yako. Kampuni ikikuta makuti mahali palipoandikwa zege, ina sababu ya kukataa dai zima, hata kama moto ulianzia kwenye waya wa friza na makuti hayakuguswa. Andika ilivyo: kuta za mawe, dari ya boriti, juu makuti, na wapangaji wanapika juu. Andika pia kama nyumba inayopakana nawe imeezekwa makuti. Bei itapanda, na kampuni nyingine itakataa kabisa. Kukataliwa leo ni nafuu kuliko kukataliwa siku umeshaungua.

Wenye kampuni wana sababu zao. Unaujua mji wetu: vichochoro vya Amu punda wawili wenye shehena hupishana kwa taabu, gari la zimamoto haliwezi kuingia, na kaskazi ikivuma cheche moja ya makuti huruka nyumba ya tatu. Kitakachokusaidia kushusha bei ni mitungi ya kuzimia moto iliyokaguliwa, nyaya za umeme zilizofungwa na fundi mwenye leseni, na kutoweka petroli wala mafuta ya taa dukani. Viandike hivyo kwenye fomu kama unavyo kweli. Ukiandika una mitungi miwili, hakikisha mwakani bado ipo na haijapitwa na tarehe. Jengo lenyewe ni la mwenye nyumba, bima yake ni juu yake. Muulize tu kama anayo.

Jambo jingine la moto: mikataba ya kawaida haibebi hasara ya ugaidi wala ya ghasia za kisiasa. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 sote twayakumbuka. Kinga hiyo huuzwa kando kama nyongeza, na kwa mtu wa kaunti ya Lamu mimi siihesabu kuwa anasa. Omba bei yake, na iombe kwa mali iliyo dukani na pia kwa mzigo ulio njiani, kwa sababu barabara ya Garsen kuja Mokowe nayo imeshaonja mashambulizi.

Hapo ndipo nilipotaka kufika hasa, kwenye njia. Bei ya 17,800 na ya 31,000 zina bima ya bidhaa safarini, na ukisoma haraka utaridhika. Lakini soma maneno yenyewe: zinakinga mzigo "ukiwa ndani ya gari la kubebea mizigo, barabarani". Lori likishapakua Mokowe, bima imeishia gatini. Mashua ikiingiza maji mkondoni, gunia likimponyoka hamali likadondoka baharini, sukari ikilowa kwa wimbi la kusi, hakuna hata senti. Na kwa mtu wa Amu kipande hicho kifupi ndicho kinachoharibu mali nyingi. Wala simlaumu aliyeuandika mkataba, maana aliuandika kwa duka la bara.

Omba kwa maandishi kwamba safari ihesabiwe tangu ghala la Mombasa hadi mlango wa duka lako Langoni, pamoja na kupakia, kupakua, na kuvuka kwa chombo cha baharini kati ya Mokowe na Amu. Itaje pia kulowa kwa maji ya chumvi, kwa sababu baadhi ya mikataba hulipa chombo kikizama au kikipinduka tu. Watakuuliza chombo ni cha nani na kama kina cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya. Ndiyo maana nakushauri uache kupakia kwenye chombo chochote kinachotangulia kuondoka, uwe na nahodha mmoja au wawili ambao karatasi zao umeziona. Kisha angalia ankara zako. Kama kuna muuzaji anayekuuzia kwa bei ya "kufikishiwa Amu", mzigo wake ungali juu yake hadi ufike, na huna haja ya kuulipia bima.

Vijana wako wawili ni suala la sheria. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, WIBA, ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake dhidi ya kuumia kazini, awe na wawili au mia mbili. Mfanyakazi akifa kazini au akilemaa kabisa, fidia yake ni mshahara wa miezi 96. Piga hesabu ya mshahara wa kijana mmoja mara 96, utaona kwa nini duka dogo haliwezi kubeba jambo hilo peke yake. Andika mshahara wanaoupata kweli. Ukiupunguza ili bei ishuke, pengo litakurudia wewe. Hamali wa kutwa unaowalipa mwenyewe watajwe pia. Ajali ikitokea, ipeleke taarifa kwa ofisi ya usalama na afya kazini ndani ya siku 7, na kama mtu amefariki, ndani ya saa 24.

Wizi nitaupitia upesi. Bima ya wizi hulipa pale mwizi alipovunja na alama zikaonekana. Mali iliyopungua bila kufuli kuguswa, au iliyochukuliwa na mfanyakazi, haimo. Na bima ya pesa hukinga noti zilizo dukani au unazozipeleka benki. Ukitapeliwa kwa simu ukatuma floti, yaani salio lako la uwakala wa M-Pesa, kwa mkono wako mwenyewe, usitarajie kulipwa.

Kuhusu riba, mwambie baba watoto ipo takaful, yaani bima ya Kiislamu, na Kenya ina kampuni ya namna hiyo yenye leseni tangu 2011. Mnachotoa kinahesabiwa kuwa tabarrui, mchango wa kujitolea, katika mfuko wa pamoja, pesa haziwekezwi penye riba, na ziada ikibaki baada ya madai hugawanywa kwa wachangiaji. Hukumu yake kisheria ya dini muulizeni shekhe wenu, mimi si mahali pangu. Ninachokijua kwa kazi yangu ni kwamba takaful nayo ina fomu, ina sharti la uwiano na ina mambo isiyoyakinga. Yote niliyoyaandika hapa yapelekeni kule vile vile.

Basi, katika hizo tatu sikushauri uchukue hata moja kama ilivyo. Chukua umbo la ile ya 17,800, irudishe kwa wakala na marekebisho haya: thamani ya kweli, stoo itajwe, paa la makuti, kipande cha bahari, na nyongeza ya ugaidi. Bei mpya inaweza hata kuipita ile ya 31,000. Ikikushinda, usiipunguze thamani ya mali. Punguza vipengele. Toa bima ya pesa kwanza, halafu ya wizi, na badala yake tia mlango madhubuti. WIBA na moto visiguswe. Ile ya 31,000 imeongeza vioo, na duka lako lina milango ya mbao.

Ukikubaliana nao, lipa kwa akaunti au namba ya malipo ya kampuni yenyewe, usitume kwa simu ya wakala. Sheria hairuhusu kampuni kubeba hatari yako kabla haijapokea malipo, kwa hiyo pesa iliyolala kwenye simu ya mtu ni siku ambazo huna bima. Jina la wakala na la kampuni yaangalie kwenye orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kusimamia Bima. Mkataba wenyewe ukifika, usome ukurasa wa maelezo ulinganishe na ulichoomba, neno "Mokowe" liwemo. Kisha zipige picha ankara zako zote uzihifadhi nje ya duka, kwa sababu mthamini ataziomba siku ambayo droo zilizokuwa na karatasi zimeungua.