Jibu: Dorothy Dandridge alipotelea wapi baada ya Carmen Jones?
Mkuu, umeuliza ilikuwaje Dorothy Dandridge akafifia, wakati 1955 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu ya Carmen Jones. Hakuishiwa kipaji. Hata nafasi ya Carmen aliipigania: mwongozaji Otto Preminger alimwona mstaarabu mno, basi akamrudia amevaa sketi ya kubana na blauzi iliyoachia mabega, anatembea kwa maringo. Akapewa.

Tatizo lilikuwa Hollywood yenyewe. Kanuni za filamu zilikataza mapenzi kati ya mweusi na mzungu hadi zilipolegezwa 1956, na waigizaji wakuu weusi wa kiume walikuwa wa kuhesabu. Sasa angepangwa na nani? Nafasi ya Tuptim kwenye filamu ya The King and I aliikataa, hakutaka kucheza mtumwa. Ikaenda kwa Rita Moreno. Filamu yake iliyofuata, Island in the Sun, ilitoka 1957. Humo anapendana na mzungu, ila busu la maana hulioni! Alifariki 1965, akiwa na miaka 42.

Ukiitafuta Carmen Jones, ujue sauti inayoimba badala yake ni ya mwimbaji wa opera Marilyn Horne. Dorothy mwenyewe alikuwa mwimbaji wa klabu, kwa hiyo uamuzi huo mimi hauniingii akilini kabisa.