Jibu: Orodha ya minara na faiba pekee haitoshi

Ndugu, umeuliza kama orodha mbili, moja ya minara ya simu na nyingine ya kebo za faiba (nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha data kwa mwanga), zinatosha kusimamia mtandao wa mkoa mzima. Kwa maoni yangu hazitoshi, kwa sababu zinaeleza ulicho nacho lakini hazielezi kipi kinategemea kipi.

Kwa minara kazi ni nyepesi kiasi: andika nafasi iliyobaki katika kila kimo, mzigo wa upepo ambao mnara umesanifiwa kuubeba, na uwezo wa betri na jenereta, hasa pale mnara unapokodiwa kutoka kwa kampuni kama Helios Towers.

Faiba ndiyo inayodai uangalifu mkubwa. Kila uzi ufuatiliwe kutoka kituo hadi kituo, kupitia kila kiungio na kila bomba lililofukiwa, kwani njia mbili zinazoonekana tofauti kwenye mchoro huweza kupita daraja moja, na tingatinga la wajenzi wa barabara likazikata zote kwa siku moja. Hata baharini hali ni hiyo: tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki.

Baada ya kila ukarabati pima upotevu wa mwanga. Uzi wa kawaida hupoteza takriban desibeli (kipimo cha upotevu huo) 0.2 kwa kilomita kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, kwa hiyo ongezeko la ghafla huashiria kiungio kibovu au kebo iliyopindwa mno. Kabla ya kununua programu yoyote ya kusimamia orodha hizi, weka kwanza njia halisi za mabomba kwenye ramani.