Dada, mrudishie mtoto simu kwanza, hiyo programu ya kupeleleza achana nayo

Mrudishie leo. Usisubiri kesho.

Hao waliokupongeza hapo juu, "safi sana mama, kaza hivyohivyo", wamenitia hasira mpaka nimeacha chakula. Umeandika mwenyewe kwamba mwanao wa miaka 11 alitumiwa video chafu kwenye grupu la darasa, akaja kukuonyesha. Hukumfuma, alikuja MWENYEWE. Wewe ukamnyang'anya simu mpaka shule zifunguliwe, na sasa unaulizia programu ya kumpeleleza kimyakimya, saa ngapi kwa siku zinatosha, na YouTube ya kwenye televisheni kwa yule mdogo wa miaka mitano. Yule mdogo asubiri kidogo.

Mimi nilifanya hayohayo. Wangu alikuja kaishika simu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akasema, "Baba, hii imekuja yenyewe." Badala ya kumwambia ahsante nikamuuliza alikuwa anatafuta nini. Simu nikaifungia kabatini likizo nzima. Nilijiona baba wa mfano, hata kazini nikasimulia, na wapo walioniomba ushauri wa malezi. Mungu awasamehe, na mimi pia.

Halafu akaja fundi. Huyu aliyenifungia intaneti, mwenye mdomo mtamu kuliko kazi yake, akasema ataweka chujio la kuzuia tovuti mbaya kwenye ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, na programu ya siri kwenye simu ya mtoto, "kisha bosi wewe ni kulala usingizi tu". Nikalipa. Ili programu iingie ilibidi azime Play Protect, yaani ulinzi wa simu wenyewe, kwa sababu ilikuwa inatoka nje ya duka la Google. Mtu mwenye akili timamu angeuliza hapohapo ni ulinzi gani huo unaoanza kwa kuzima ulinzi. Mimi nikamwongezea na nauli.

Kila wiki naletewa ripoti, alama za kijani juu mpaka chini, "hakuna tukio". Raha iliyoje! Kumbe mtoto alishahamia kwenye tableti ya zamani yenye kioo kilichopasuka, tuliyokuwa tumeitelekeza kwenye boksi la waya, anatumia intaneti ya jirani ambaye nywila yake ni moja mpaka nane. Chujio langu lilikuwa linanilinda mimi na mama yake. Sisi wawili tulikuwa salama salimini.

Kwenye tableti hiyo alikuwa anacheza gemu ambayo wachezaji wanachati. Mtu akajifanya mtoto mwenzake, akamgawia sarafu za gemu, wakazoeana. Akamshawishi wahamie kwenye programu nyingine ya kuchati, wawe wawili tu. Akauliza anasoma wapi. Akaomba picha, ya kawaida kabisa, amevaa sare. Baada ya hapo lugha ikageuka: tuma nyingine, safari hii ninavyotaka mimi, la sivyo najua pa kukupata. Mtoto akakaa na mzigo huo peke yake, nyumba moja na mimi, meza moja na mimi, ripoti zangu za kijani zikiendelea kuingia. Nilikuja kujua siku aliponiuliza tukiwa tunakula, macho kwenye sahani, "Baba, mtu akijua shule yako anaweza kuja mpaka darasani?"

Nilipomuuliza kwa nini hakusema mapema, akajibu, "Ungechukua tableti." Hakutaja viboko wala aibu. Alikuwa amepiga hesabu kwa kuangalia nilichomfanyia mara ya kwanza, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa.

Picha nyingine hakutuma, tunamshukuru Mungu. Lakini mimi kwa hasira nikafuta mazungumzo yote na kumzuia yule mtu. Polisi wanauliza ushahidi, nimebaki nakuna kichwa. Kwa hiyo yakimfika mtu: msilipe, msijibu, piga picha ya skrini ya vitisho na jina la akaunti, ripoti, ndipo umzuie. Na kama mtoto ameshatuma picha ya utupu, kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ipo tangu 2023. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Inatengenezewa alama ya utambulisho tu, na mitandao iliyojiunga inatumia alama hiyo kuisaka na kuiondoa.

Turudi kwako. Mimi nina kanuni moja tu: mtoto akileta habari mwenyewe, simu haiguswi. Hata kama ulichokiona kinakutetemesha mikono. Unamshukuru, unamuuliza kimemfanya ajisikieje, mnaripoti pamoja, anatoka kwenye grupu. Mwalimu unamwambia wewe, kwa mdomo, bila kumtumia hiyo video maana na wewe utakuwa unaisambaza. Ukitaka kuweka mipaka, weka, ila iwe siku nyingine, na mtoto ajue ipo. Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, ni ya bure na haijifichi. Mtoto anaiona kwenye simu yake na mnaweza kubishana juu yake kama binadamu.

Hao wanaokuambia programu ya siri haina madhara, waambie wasome yaliyoikuta TeenSafe. Ilikuwa ya Marekani, inauzwa kwa wazazi hasa, na ilimtaka mzazi azime uthibitishaji wa hatua mbili, ule unaodai namba ya siri ya ziada baada ya nywila, kwenye akaunti ya mtoto. Mwaka 2018 seva zake zikakutwa ziko wazi mtandaoni, ndani mna barua pepe za wazazi na nywila za akaunti za Apple za watoto, zinasomeka kama gazeti. Wazazi walilipia huduma hiyo.

Chujio silikatai. DNS ndiyo inayotafsiri jina la tovuti kuwa anwani yake; ile ya familia ya kampuni ya Cloudflare, 1.1.1.3, ni bure, inazuia tovuti za ngono na zenye virusi, na unaiweka kwenye ruta mwenyewe bila fundi yeyote. Kwenye simu ya Android 9 kwenda mbele unaingia kwenye mipangilio ya DNS ya faragha unaandika family.cloudflare-dns.com, na hapo itamfuata hata akiwa kwenye bando. Ila elewa linachofanya: linaangalia jina la tovuti basi. Kilichomo ndani ya WhatsApp halikioni. Video iliyomfikia mwanao ingepita vilevile, na mtu pekee aliyeikamata ni huyo mtoto uliyemwadhibu.

Saa ngapi kwa siku, wadau wengine watakujibu, mimi hilo limenishinda mpaka leo. Kampe simu yake, umwambie ulikosea kumnyang'anya, kisha urudi hapa utaje ruta yako ni ya aina gani nikuelekeze pa kuweka hizo namba.