Umeuliza barabara, nakujibu shingo

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeiona tangu juzi, sikujibu kwa sababu nilitaka nitulie niandike vizuri, na pia baba yako alikuwa amenikalia hapa anataka ajibu yeye, na baba yako akijibu utapewa kilomita na miaka tu, unamjua. Umeuliza kama mwezi wa tano barabara ya Muheza kwenda Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara, inapitika kwa pikipiki, maana wewe na huyo mwenzio mnataka mtoke Dar mpande huko, mlale siku mbili, afu mshuke mwende zenu mpaka Lushoto. Swali dogo tu. Ngoja nilijibu.

Au ngoja kwanza. Huyo mwenzio anageuza shingo?

Usicheke. Umekua unanisikia nasema, mtu akikupakia mtazame shingo. Mwendo watu wanajifunza, gia wanajifunza, hata tope mtu anajifunza akishaanguka mara mbili tatu, lakini shingo mtu anakuja nayo. Kuna wa kugeuka na kuna wa kutazama mbele tu. Mi nimeolewa na wa kutazama mbele, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Najua unasema mama ataanza ya mwaka 89. Ndo naianza. Ile unayoijua wewe ni ya baba yako, ile anayoisimulia kwenye harusi za watu, watu wanacheka mpaka wanashika meza, eti "nilimwacha kona mbili tu". Kona mbili! Ya kwangu hujawahi kuisikia yote kwa sababu kila nikianza yeye anaimalizia.

Basi ilikuwa mwezi wa nne, tuna miezi minne kwenye ndoa, akasema anipeleke Kwamkoro, kwenye mashamba ya chai ukishapita Amani, nikamwone bibi yake, yule ambaye picha yake iko sebuleni juu ya redio. Wakati ule ana ile Honda CG 110 nyekundu aliyouziwa na bwana shamba mmoja, saitimira iliyobaki ni moja tu ya kulia, nayo imegeukia juu, ukiitazama unaona mawingu. Helmeti hakuna, nani alikuwa na helmeti. Nimevaa koti lake, kanga mbili na raba. Tuna kikapu, ndani yake mchele, sukari, na jogoo mzima kafungwa miguu, kichwa kimetoka nje anatazama dunia.

Muheza mpaka Kisiwani sina neno, raha mtupu. Michungwa, afu shamba la katani linakwenda mpaka jicho linachoka, baba yako anapiga kelele juu ya injini kwamba katani ililetwa na Mjerumani mwaka 1893, miche 1,000 ikatoka Florida ikafika 62 tu iliyo hai, na katani yote ya nchi hii ni wajukuu wa hiyo 62. Mi naitikia eeh, eeh. Afu mitiki ya Longuza, imepangwa mistari ukipita kwa pikipiki inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga, mpaka kichwa kinazunguka. Geti la hifadhi pale Sigi halikuwepo, hifadhi yenyewe ya msitu wa Amani imetangazwa 1997, sisi tulipita tu kama tunapita uani kwa mtu.

Baada ya Sigi ndo mlima unaanza, na mimi ni mtoto wa Pangani mwanangu, ukungu ninaoujua ni ule wa alfajiri mtoni, jua likitoka unaondoka. Nilipouona ule wa juu nikamwambia baba yako kuna mtu anachoma mkaa. Akacheka. Akanieleza kwamba milima ile iko karibu na bahari, upepo wa pwani unaopita kichwani kwetu Pangani ukifika pale unapandishwa, unapoa, unakuwa ukungu na mvua, na mvua hiyo ndo inashuka mto Sigi mpaka bwawa la Mabayani, ndo maji ya Tanga mjini. Yaani nilikuwa nimepanda juu kukutana na upepo wa nyumbani umevaa shuka. Hiyo niliipenda, siwezi kusema uongo. Hiyo safari ilikuwa na mazuri yake, we usione nalalamika.

Sasa mvua ya masika na udongo mwekundu. Tairi la nyuma linazunguka tu, pikipiki haiendi, inacheza matako kama inataka kulala. Baba yako anasema "shuka kidogo", nashuka, anapanda na pikipiki peke yake mpaka pagumu paishe, ananisubiri, napanda kwa miguu, nakaa, tunakwenda. Tumefanya hivo mara sijui ngapi kabla ya Amani, kila mara nashuka na kikapu, maana jogoo akirushwa anapiga kelele. Tukapita yale majengo ya Wajerumani, tukaingia kwenye chai. Na chai ikishaanza yote ni moja, kulia chai, kushoto chai, njia za shamba zinakatana kila baada ya hatua mia, zote nyekundu, zote zinafanana, na ukungu hauoni hata mwisho wa mstari.

Pakaja mlima mmoja mkali. "Shuka kidogo." Nikashuka. Akapanda, akasimama juu, injini inaunguruma, miguu yote chini, anatazama mbele. Nikafika, nikaweka kikapu kwenye keria, nikakifunga na mpira. Kanga ya juu imelegea, nikarudi nyuma hatua moja niifunge vizuri ndo nipande.

Akaondoka.

Kumbe mwenzangu alisikia springi za nyuma zimebonyea, akajua mke kakaa. Kilichokaa ni kilo kumi za mchele na jogoo.

Nikaita. Nikaita tena kwa jina, jina ambalo hata simwiti. Sauti ya pikipiki ikapotea, afu ikarudi, nikafurahi nikajua kageuka, kumbe ni njia imepinda inapita juu yangu, ikapotea tena, na hiyo ya pili ndo ilinimaliza. Ukimya wa kule si kama wa kwetu, kwetu hata usiku kuna bahari. Kule unasikia matone tu yanadondoka kwenye majani.

Nikatembea. Njia zikagawanyika, nikafuata alama ya tairi, tope likaifuta. Kitu kilichonipata pale hata baba yako sijamwambia vizuri. Nilisikia watu wanacheka, nikasogea, nikaona vichwa vya wanawake vinaelea juu ya chai, wachumaji, wamefunga nailoni kiunoni kwa ajili ya umande, matenga mgongoni. Mama mmoja mtu mzima akaniuliza, "Wewe wa nani?" Na mimi nikakosa jibu. Nikataja jina la baba yako, hawamjui. Nikasema naenda kwa bibi, bibi nani? Nilikuwa namwita Bibi tu, sikuwahi kuuliza jina lake. Baadaye ndo nikaja kujua kule wanamjua baba yako kwa jina la utoto, ambalo miezi minne ya ndoa na mwaka mzima wa uchumba hajaniambia. Nikasimama pale na koti la mwanaume, sijui mimi ni wa nani kwenye ule mlima. Hiyo bado inaniuma mwanangu, kuliko kuachwa. Kuachwa ni ajali.

Afu mama mwingine akasema, "Au ni mke wa yule mwenye pikipiki?" Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Walimwona anapita, anaongea peke yake kwa sauti, ananyoosha mkono anaonyesha vitu, nyuma kuna jogoo. Alikuwa anamsimulia jogoo jinsi Wajerumani walivyoanzisha bustani ya Amani mwaka 1902, wakaleta miti kila upande wa dunia, na kareli kao kadogo ka kutoka Tengeni mpaka Sigi ka kubebea mbao. Yote hayo alikuja kunihakikishia mwenyewe kwamba aliyasema. Jogoo akijitikisa yeye anajua mke anakubali.

Wakaniambia nisitembee, trekta la majani linakuja, lazima lije maana chai ikichumwa leo inafika kiwandani leo. Nikasubiri nikiwa nachuma nao. Majani mawili na chipukizi, usivute, vunja kwa kidole gumba. Ukiambiwa unaona rahisi, ukijaribu mkono wako unachuma kimoja wa mwenzio umeshajaza kiganja. Karani alipokuja na mizani ya kuning'iniza, changu kilikuwa kama kilo mbili, nikamwambia aandike kwa yule mama mtu mzima. Vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, vilikaa hivo wiki nzima na nilivipenda, nilikuwa navitazama nikiwa peke yangu.

Na ndo nikaingia kwa bibi yake juu ya tela la chai, nimekaa kwenye gunia. Wanawake wa pale walikuwa wameshapiga vigelegele mara ya kwanza pikipiki ilipoingia, wakanyamaza katikati walipoona nani kashuka. Wakapiga tena kwa tela. Baba yako amesimama uwanjani, tope mpaka magotini, na neno lake la kwanza halikuwa pole. "Kwa nini ulishuka?"

Si yeye aliyesema shuka!

Bibi hakumjibu kitu. Akanivua kanga iliyoloa, akanipa yake, afu ndo akamgeukia, "Jogoo tumempokea."

Haya. Tope lile magotini, niwe mkweli, ni kwa sababu alishageuza akaja kunitafuta, akaingia njia ya shamba siyo, akazunguka kwenye chai karibu saa nzima akapiga honi mpaka ikafa, akarudi kwa bibi kuomba watu. Nilikuja kuambiwa na wengine, yeye hajitetei kwa hiyo, anajitetea kwa kona mbili. Na neno lile nadhani lilikuwa la hofu, wanaume hofu yao inatoka imevaa ukali. Nimejiambia hivo miaka 36 na siku nyingine naamini.

Na tangu siku ile, sikiliza hii, hajawahi kujifunza kugeuza shingo, lakini hakuna siku amenipakia bila kurudisha mkono wa kushoto nyuma kunigusa goti. Hata kwenye daladala nikikaa kiti cha nyuma yake, mkono unakuja. Sasa hiyo si shingo, ni mkono. Sijui tuihesabu kama shingo. Nikisema ihesabiwe nitakuwa nimevunja kanuni yangu mwenyewe, na nikisema isihesabiwe nitakuwa namdhulumu mtu aliye hapa barazani anajifanya anamenya chungwa.

Nimetoka nje ya swali. Huyo mwenzio. Mlipokuja mwezi wa pili, mnaondoka, nilisimama mlangoni nikatazama. Pale kwenye tuta alipita kama hakuna mtu nyuma, uliruka, mkono wako ukamshika koti, hakugeuka. Nikasema moyoni, aha. Afu mlipofika kwenye mwembe akasimama, akavua glovu, akakufunga vizuri mkanda wa helmeti, tena taratibu, magari yanampigia honi. Sasa nimuweke wapi? Hukuniuliza na mi sisemi kitu, we ni mtu mzima. Ila ungeniuliza ningekuwa na la kusema. Lakini hukuniuliza. Mpakie wewe siku moja, akae yeye nyuma, utaona anavyokaa. Basi, hilo tu, nimenyamaza.

Barabara. Mwezi wa tano msiende, masika yote inakuwa imeishia kwenye ule udongo na lile pikipiki lenu ni zito, mkianza kulikokota hamtaongea mpaka Lushoto. Nendeni kuanzia wa saba mpaka wa tisa, baridi lakini njia ngumu kidogo, au mwezi wa kwanza. Jazeni mafuta Muheza. Bebeni koti la mvua hata jua likiwaka, na iliki nunueni kule kule kwa wakulima, mniletee. Lushoto msiogope, Mombo kwenda juu ni lami, kona nyingi lakini lami, simameni Soni muone maporomoko.

Na kitu kimoja unifanyie. Mkishapita majengo ya Amani, chai ikianza, utaona mlima mkali wa udongo mwekundu. Anza kuhesabu kona pale juu unapoishia mpaka kiwanda cha Kwamkoro. Mi nilizihesabu nikiwa kwenye tela, kumi na moja, nikapoteza hesabu pale jua lilipotoka. Hesabu zote, za kulia na kushoto, afu nitumie namba. Usiiweke kwenye grupu la familia. Nitumie mimi.