Vijana wa mashine za nyasi, petroli si maji

Wiki hii nimemkuta dogo anajazia mashine ya kufyekea huku ekzosi bado inafuka na mwenzake anavuta sigara pembeni. Nimempokonya dumu, nimegomba, na sasa naandika ili nisigombe tena kesho.

1. Zima, acha ipoe, ndiyo ujazie. Jazia kwenye udongo mtupu, kisha sogea mita 3 hivi ndipo uvute kamba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: haupandi ukaisha, unatambaa chini mpaka ukute moto wa mtu.

2. Kuchanganya petroli na oili, kwa mashine za tu-stroki: kama mashine inataka 50 kwa 1, lita 5 za petroli ni mililita 100 za oili. Pima. Habari za "vifuniko viwili vitatu" ndizo zinazoua pistoni. Mashine ya kusukuma ya foo-stroki, yenye oili yake pembeni ndani ya injini, inakula petroli tupu, kwa hiyo andikeni kwenye madumu.

3. Dumu lenyewe. Nilipoanza kazi nilibeba petroli kwenye dumu la njano la mafuta ya kula. Nililijaza alfajiri mpaka shingoni, nikaliacha nyuma ya kirikuu juani, tukafyeka hadi saa saba. Nilipolifuata lilikuwa limevimba, kitako kimebinuka, halisimami wima. Hapo lilitaka kivuli, na kifuniko kilegezwe kidogo kidogo. Mimi nilikuwa na njaa na haraka. Nikalibana mapajani, nikazungusha kifuniko kwa mkupuo mmoja.

Iliruka usoni, ikashuka kifuani mpaka kwenye suruali. Sioni kitu, macho yanawaka, nakimbilia maji. Na maji niliyoyakumbuka ni ya ndoo ya mama ntilie, iliyokaa ubavuni mwa jiko lake la mkaa! Fundi wangu alinidaka kwa mkanda, akanibwaga kwenye nyasi, akanivua shati, akaniosha macho kwa maji ya kunywa ya kikosi kizima huku akinitukana bila kurudia tusi. Suruali nilikataa kuvua, wateja wanaangalia. Jioni mapaja yalikuwa malengelenge matupu, na siku zilizofuata nilitembea kama bata. Ikikumwagikia, vua. Aibu inapona haraka kuliko ngozi.

Kwa hiyo: dumu la petroli kweli, acha nafasi juu, kivulini.

4. Sheli, shusha dumu chini kwanza. Ukijazia juu ya plastiki ya bodi ya pikapu, umeme wa msuguano unaweza kutoa cheche.

5. Njiani funga koki ya mafuta, funga mashine kwa kamba, dumu lisimame wima. Ukilazimika kuinamisha ile ya kusukuma, kichujio cha hewa kiangalie juu. Na usipakie dumu kwenye gari mlilokaa mkafunga vioo. Mtafika mnaumwa vichwa halafu mseme ni jua.

6. Stoo iwe na hewa, mbali na jiko. Mashine isiyofanya kazi mwezi mzima, toa mafuta, iwashe imalizie yaliyobaki kwenye kabureta.

7. Kutoa mafuta si kunyonya mpira kwa mdomo. Pampu ya mkono ipo. Aliyemeza asitapishwe wala asipewe maziwa ya kutapikia, maana ikirudi inaweza kuingia mapafuni. Hospitali, moja kwa moja. Halafu mnipigie.